Mwalimu Tausi na Kipindi cha Kwanza

Ndani ya mwaka mmoja na nusu Mwalimu Tausi Pazi alibadilisha lengo la maisha yake mara nne, na kila mara kwa maandishi. Si kwamba alikuwa kigeugeu. Chuo kikuu alikokuwa anasomea shahada ya uzamili ya teknolojia ya elimu kilikuwa na utaratibu wake: mwanafunzi anapoanza masomo, na kila muhula unapokwisha, aandike ukurasa mmoja unaoitwa Tamko la Malengo, aupakie mtandaoni, kisha msimamizi ausome na kuweka maoni yake kwa maandishi mekundu. Sisi wengine tunabeba malengo yetu kimoyomoyo mpaka kaburini na hakuna anayetuuliza yamefikia wapi. Yeye aliulizwa, na kila jibu lilihifadhiwa.

Tamko la kwanza lilikuwa la kifalme. Aliandika kwamba kabla ya miaka mitano kwisha atakuwa mkurugenzi wa teknolojia ya elimu huko Dodoma, akisimamia mageuzi ya nchi nzima. Kiyoyozi hakukitaja, lakini mtu aliyesoma kwa makini aliweza kukisikia kikivuma katikati ya mistari. Msimamizi wake, Daktari Wambura, mtu mwembamba asiyecheka ovyo, aliyekuwa anakutana na wanafunzi wake kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi mjini Bunda, aliweka maoni ya sentensi moja. Aliuliza wanafunzi wa mwalimu huyu wako wapi humu ndani. Tausi aliyasoma, akasema moyoni kwamba mzee huyu haoni mbali.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alifundisha hisabati kidato cha pili katika shule moja ya sekondari ya kata, kando ya ziwa kule Bukima, na alikuwa pia mwalimu wa darasa hilo. Lakini makazi yake yalikuwa Mwisenge, Musoma mjini, nyumbani kwa baba yake, tangu alipoachana na mumewe. Baba yake, Mzee Pazi, alikuwa fundi saa, mtu wa mchanganyiko kama walivyo wengi wa mji ule: upande wa baba Ujiji, upande wa mama Ujitani. Siku hizi saa za mkono zimekuwa chache, hivyo mzee alibadilisha pia betri na vioo vya simu, ingawa kibao cha kibandani kilisema saa tu. Na huyu ndiye mtoto wa fundi saa: katika miaka minne ya kufundisha Bukima hakuwahi kufika kazini kabla ya saa tatu.

Gari la kwanza la barabara ya Majita liliondoka stendi mapema sana, wakati ambao Tausi aliuhesabu kuwa ni usiku bado. La pili lilikuwa na dereva asiyempenda. Kwa hiyo alipanda la tatu, akafika saa tatu na ushee, akiwa amepumzika na kupendeza. Hakuna aliyemkaripia. Mkuu wa shule, Mwalimu Stanslaus, naye aliishi mjini na alikuja kwa pikipiki yake saa hizohizo, na si rahisi kumpa barua ya onyo mtu unayefuatana naye njiani. Hisabati ya kidato cha pili ilikuwa kipindi cha kwanza, saa mbili kamili, kila siku ya wiki. Kiranja aliandika maswali ubaoni, mwalimu alisahihisha baadaye. Mambo yalikwenda.

Kulikuwa na daftari la mahudhurio pia. Sheria inataka lijazwe kila asubuhi, jina kwa jina. Tausi alilijaza Ijumaa mchana kwa wiki nzima, kikombe cha chai pembeni, akishuka na alama za vema kutoka juu mpaka chini kama mtu anayeshona vifungo. Kila siku aliacha wanafunzi wawili bila alama, wa kuugua, kwa sababu asilimia mia moja ingefanana na uongo. Naye hakuona kwamba anadanganya. Alipokuwa akiingia darasani saa tatu na nusu aliwakuta watoto wapo, sasa wapo si wapo? Kwa daftari hilo na mengine ya namna yake shule ilipata cheti cha mahudhurio bora katika kata, na Mkuu Stanslaus alikitundika ofisini ndani ya fremu ya kioo.

Muhula wa kwanza ulimfungua macho. Alijifunza kutengeneza mifumo ya kufundishia, akapata vishikwambi arobaini vya mradi uliokwisha muda wake, na kikasha kidogo cha kurushia mawasiliano darasani bila intaneti. Likizo nzima alikaa sebuleni Mwisenge akigonga vitufe, hata Mzee Pazi akaanza kumpitishia chakula kama mgonjwa. Mwisho akazaa mfumo, akauita Mwalimu Hachoki. Saa mbili kamili asubuhi Mwalimu Hachoki alifunguka mwenyewe, akatoa maswali kumi ya hisabati, akasahihisha, na kuandika nani ameingia na dakika gani. Kazi ya kiranja ilikuwa kugawa vishikwambi tu.

Tamko la pili liliandikwa kwa furaha. Mfumo huu utatumika katika shule zote za Afrika Mashariki na ya Kati, naye mbunifu ataitwa Kigali, ataitwa Addis Ababa, akaeleze. Dodoma ilikuwa imeshakuwa ndogo. Ila lengo lenyewe hasa, lile ambalo halikupakiwa popote, lilikuwa kwamba sasa kipindi cha kwanza kina mwalimu asiyechelewa, na yeye anaweza kulala kwa dhamiri safi. Nasema hivi bila kumwonea, maana baadaye alilisema mwenyewe mbele za watu.

Mfumo ulifanya kazi miezi mitano. Kisha Tausi akachota takwimu, akachora grafu ya wanafunzi walioingia kipindi cha kwanza kila asubuhi, akaipeleka Bunda akitegemea pongezi.

Daktari Wambura aliitazama kwa muda mrefu. Mstari wa Tausi ulipanda hadi wanafunzi thelathini na wanane, ukateremka polepole mpaka kumi na wanne, ukapanda tena, ukashuka tena, mara tano, mabonde na vilima vinavyolingana. Juu yake daktari akaweka mstari mwingine, ule wa daftari la mahudhurio, ambao Tausi mwenyewe alikuwa ameuambatisha kama ushahidi. Huo ulikuwa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho kwenye asilimia tisini na tano.

Aliongea kwa upole, na upole huo ulimtisha Tausi kuliko ukali. Alisema daftari la serikali linaonyesha watoto wapo. Kama wapo, mbona kwenye mfumo hawamo? Na hata kama wanatoroka, watu wa kweli hutoroka shaghalabaghala, hawatoroki kwa zamu zilizopimwa.

"Mwalimu, mimi nimesimamia tasnifu miaka kumi na sita," alisema. "Takwimu za watu hazichezi ngoma. Hizi umezipika."

Kupika takwimu kwa sheria ya chuo ni kufukuzwa, na jina lako linapelekwa kwa mwajiri. Jopo la kuitahini kazi yake lingekutana chuoni Butiama baada ya wiki tatu. Ama ataleta maelezo yanayoingia akilini, ama atarudi Musoma bila shahada na akiwa na sifa ya mwizi. Uchungu wa Tausi ulikuwa huu: katika maisha yake yote ya ualimu, zile ndizo karatasi pekee ambazo hakuwa amezipika.

Tamko la tatu liliangukia wiki ileile. Aliandika: "Lengo langu ni kutofukuzwa." Daktari akajibu kwa wekundu kwamba lengo hili walau linapimika.

Akaanza kumtafuta mchawi. Alishuku paneli za sola zinazochaji vishikwambi, akazipanda kwa ngazi na kuzifuta vumbi. Alishuku panya wanatafuna nyaya, akaleta paka kutoka mjini ndani ya boksi, na paka akahamia jikoni kwa mpishi asirudi tena. Aliupitia mfumo mstari kwa mstari, ukawa mzima. Kiranja alipoulizwa alisema tu kwamba wanaokuja wanakuja, jibu ambalo halina kosa wala faida.

Jibu alilipata nyumbani, wakati wa kufuturu. Mzee Pazi alikuwa na desturi ya kufunga siku tatu za katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, na ili asisahau alizizungushia duara la kalamu kwenye kalenda ya msikiti iliyotundikwa ukutani. Siku hiyo magharibi alikuwa na tende mkononi, akingoja adhana. Tausi alikuwa amekaa mkekani na grafu mapajani, akiinua macho ovyo kama mtu aliyechoka, macho yakatua kwenye maduara. Akaangalia tarehe. Akaangalia grafu. Kila kilele cha grafu kilikuwa ndani ya duara la baba yake au kando yake. Vilele vyote vitano.

Wazo lake la kwanza, mwanafunzi huyu wa uzamili, lilikuwa kwamba ni dua. Baba akifunga, watoto wanakuja. Baba akila, wanapotea. Akamuuliza kwa sauti ya chini huwa anaomba nini katika siku zile.

Mzee akamaliza tende kwanza. "Naomba Mungu akuamshe mapema uende kazini," alisema. "Hiyo bado hajaijibu."

Kisha, kwa kuwa aliona mwanawe amepigwa na butwaa, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mteja asiyejua kutia saa ufunguo: siku hizi ndizo ambazo mwezi umejaa. Kama kuna kitu kule Bukima kinakwenda na mwezi, wa kuulizwa ni watu wa ziwani, si kompyuta wala yeye.

Kesho yake Tausi akamwendea mama Jenipher, yaani Marcelina, mwanamke wa Kijita mwenye mikono mikubwa, mchakataji wa dagaa karibu na shule na mama wa msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hisabati. Akamfungulia grafu palepale juu ya gunia. Marcelina hakuhitaji kufafanuliwa. Aliweka kidole chenye magamba kwenye bonde la kwanza, akasema hili lilikuwa giza zuri, dagaa walijaa mpaka nyavu zikachanika. Akasogeza hadi bonde la tatu, akasema hili halikuwa na kitu, upepo ulisumbua.

"Mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inalalaga," alisema. "Giza likiingia wanaume wanaendaga ziwani, asubuhi sisi na watoto tunaanikaga. Tukimaliza ndiyo wanakuja kwako. Kwani ulikuwa hujui, Mwalimu? Si miaka minne hii unasikiaga harufu?"

Harufu alikuwa anaisikia. Alidhani ni ya mahali.

Siku kumi na mbili baadaye, mwezi ukiwa umekwisha kabisa angani, Tausi alipanda gari la kwanza la Majita kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kondakta alimuuliza kama amefiwa. Alipofika ufukweni Bukima jua lilikuwa linatoka, na pale kwenye nyavu zilizotandazwa chini, wameinama mstari mmoja wakisambaza dagaa kwa mikono, aliwaona kidato cha pili. Sare zilikuwa zimetundikwa juu ya vichaka, safi, zikingoja. Jenipher ndiye aliyeinua kichwa kwanza, akamwona, akasimama wima na uso ukambadilika.

"Madam, nani amekufa?" aliuliza.

Wote wakaacha kazi. Watoto wale hawakuwa wamepata kumwona mwalimu wao katika saa hiyo, na kwa akili zao kitu pekee kinachoweza kumleta mwalimu mapema namna hii ni msiba. Tausi akasema hakuna aliyekufa. Hawakumwamini moja kwa moja.

Alikaa pale mpaka mwisho. Ilipofika saa tatu na robo wakanawa ziwani, wakavaa sare, wakaondoka mbiombio, naye akafuata nyuma. Ndipo alipoielewa miaka yake minne. Siku za giza mwalimu na wanafunzi walikuwa wakiingia shuleni saa ileile: yeye kwa njia ya barabarani, wao kwa njia ya ziwani, na kila upande ukidhani mwenzake yupo tangu asubuhi. Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu aliona kinachofuata.

Takwimu zake zilikuwa za kweli. Lakini ili jopo liamini kwamba mawimbi ni ya kweli, ni lazima aseme kwamba ule mstari ulionyooka ni wa uongo. Na aliyeunyoosha ni yeye, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa saini yake. Yaani aliyeshtakiwa kwa kupika karatasi moja alitakiwa ajitetee kwa kukiri kwamba alipika nyingine. Akikaa kimya anafukuzwa chuoni. Akisema, huenda akafukuzwa kazi, na cheti cha shule kinakwenda na maji.

Alimwendea Mkuu Stanslaus kumweleza kabla hajakwenda Butiama, maana aliona si uungwana mtu asikie habari za shule yake kutoka nje. Mkuu alisikiliza akiwa amekipa mgongo cheti chake. Akauliza ni lazima daftari litajwe? Ni lazima. Haiwezi kusemwa kwamba wino ulikwisha? Haiwezi. Akauliza kama wakitaka kujua na mkuu wa shule alikuwa wapi saa mbili, atasema nini. Tausi akasema hajui. Mkuu akageuka akakitazama cheti, mzee wa watu, hata Tausi akamwonea huruma.

"Basi wewe ukaseme la kwako," alisema mwishowe. "La kwangu nitalisema mwenyewe, Mungu akinipa nguvu."

Jopo lilikuwa la watu watatu katika chumba chenye mapazia mazito. Daktari Wambura alikaa pembeni kama msimamizi. Aliyeongoza alikuwa profesa mmoja mwanamke, mnene, mwenye miwani aliyoivaa ncha ya pua, aliyekuwa anachambua kalamu zake wakati Tausi akiongea hata ukadhani hasikilizi. Tausi alieleza mwezi, giza, mitumbwi, nyavu. Alileta picha alizopiga ufukweni. Alileta kalenda ya baba yake, ameing'oa ukutani na msumari wake. Kisha akasema daftari la mahudhurio alilijaza yeye, Ijumaa, bila kuita jina la mtu. Daktari Wambura alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Aliposema neno ilikuwa ni kuomba iandikwe kwamba yeye amemshtaki mwanafunzi wake kwa kutegemea karatasi isiyo ya kweli, na anaifuta shutuma.

Tausi akapumua. Akafungua ukurasa wa mwisho, ule wa mapendekezo, akasoma kwa nguvu mpya: kwa shule za kandokando ya ziwa, katika wiki za giza, vipindi vya mwanzo vihamishiwe saa nne asubuhi ili watoto wa wavuvi wasikose. Lilikuwa pendekezo zuri. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kukubali.

Profesa aliweka kalamu chini. "Watoto walikuwa wanaanika dagaa, nimeelewa," alisema. "Wewe, mwalimu wa darasa, kipindi ni chako, saa mbili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani," alisema Tausi.

"Siku hiyo?"

"Kila siku. Miaka minne."

Profesa akauliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua kweli, kama na yeye huwa anakwenda na mwezi. Tausi akasema hapana, yeye hana giza wala mbalamwezi, yeye huchelewa mwezi mzima. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akayamwaga yote: kwamba Mwalimu Hachoki alimtengeneza ili kipindi kiende bila yeye, na kwamba Afrika Mashariki na ya Kati aliiongeza baadaye. Mjumbe mmoja akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayebana kicheko, kikamshinda, chumba kizima kikacheka, na Tausi naye akacheka huku machozi yanamtoka, ya aibu hasa.

"Sasa pendekezo hili la saa nne," profesa alisema kicheko kilipotulia, "linawafaa wao au linakufaa wewe?"

Lilikuwa limemfaa sana.

Uamuzi ukatolewa alasiri. Amefaulu, lakini kwa sharti la marekebisho, na marekebisho yenyewe ni moja. Katika grafu yake aongeze mstari wa tatu, wa mwalimu. Aingie kwenye mfumo wake mwenyewe kila asubuhi saa mbili, kwa mwezi mmoja wa ziwa, toka mbalamwezi hadi mbalamwezi, ndipo apendekeze saa anayoitaka. Asipouleta mstari huo, hakuna shahada.

Tamko la nne, la kufungia masomo, lilikuwa na neno moja: "Kufika." Mahali pa maoni mekundu Daktari Wambura hakuandika kitu.

Mfumo haukuwa na nafasi ya mwalimu. Tausi hakuwa amefikiria kwamba mwalimu angeweza kuwemo. Njia ya haraka ilikuwa kujisajili kama mwanafunzi, kwa hiyo Tausi Pazi akawa namba arobaini na moja wa kidato cha pili, chini ya mtoto anayeitwa Wambura asiye na undugu na daktari. Alipanga chumba cha kulala siku za kazi nyuma ya nyumba ya Marcelina, maana gari la kwanza lilikuwa la kwanza kwa jina tu. Siku likikosa abiria lilingoja. Mzee Pazi alimfungia kwenye kitambaa saa moja ya mkono ya zamani, iliyofufuliwa, na akasema amebadilisha dua, sasa anaomba jambo lingine, asimuulize. Mkuu Stanslaus naye alianza kuonekana saa mbili kasorobo, akidai pikipiki yake imepata uzima. Cheti alikuwa amekishusha kukisafisha kioo, na usafi huo ulichukua muda.

Wiki za mbalamwezi zilikuwa tamu. Watoto walijaa, mwalimu yupo, na aligundua kwamba swali la sita katika kila zoezi lake lilikuwa limekosewa tangu siku ya kwanza, watoto wamelivumilia miezi mitano kwa adabu. Kisha mwezi ukaanza kuliwa. Thelathini, ishirini na watano, kumi na sita. Siku ya kwanza ya giza nene aliingia darasani saa mbili kamili na kuwakuta kumi na wanne, akaingia kwenye mfumo, mstari wake ukabaki juu peke yake. Ulikuwa mstari mzuri wa kupeleka Butiama. Aliutazama, akakosa raha nao. Alitaka wawe wote. Hakuwahi kutaka hivyo Dodoma ilipokuwa inamwita, na jambo hilo lilimshangaza kama mtu anayekuta nguo yake mwenyewe kwenye sanduku la mwingine.

Kesho yake alishuka ufukweni kabla ya jua, akasimama kando ya nyavu amekumbatia mkoba, akawahimiza watoto waharakishe. Alihimiza kwa muda. Marcelina alimsikiliza, akajinyoosha, akashika kiuno.

"Mwalimu," alisema, "kama unawataka mapema, inama."

Tausi aliweka mkoba juu ya kichaka chenye sare. Akafunga kanga, akainama. Dagaa wabichi wanateleza na wana baridi, na ukiwasambaza vibaya wanashikana, kwa hiyo Jenipher alimwonyesha mara mbili namna ya kupitisha mkono wazi, na mara ya tatu akamwonyesha kwa sauti ya mwalimu anayeanza kukata tamaa. Kina mama wa nyavu za jirani, walipoona mshahara wa serikali umeinama, walikuja kucheka, na waliokuja kucheka wakapewa ndoo. Saa mbili kasorobo kazi ilikuwa imekwisha. Wakanawa, wakavaa, wakapanda kilima mbio, kundi zima, mwalimu katikati akihema na viatu mkononi, na njiani hakuna aliyempisha.

Walimiminika darasani, wakakaa, vishikwambi vikawaka kimoja baada ya kingine. Tausi akaketi dawati la nyuma, maana mbele hapakuwa na kiti. Vidole vilikuwa na magamba, kioo kikakataa kumtambua mpaka alipovipangusa kwenye sketi, na alipoingia tayari ilikuwa saa mbili na dakika tatu. Juu ya skrini, kwa maandishi aliyoyachagua mwenyewe sebuleni Mwisenge, yakatokea maneno: Tausi Pazi, umechelewa. Wenzako thelathini na tisa wameshaanza.

Jenipher, aliyekaa dawati la mbele yake, aligeuka akayasoma. Hakucheka. Alimsogezea kalamu na nusu ya karatasi, akamwambia kwa kunong'ona aanze na lile la sita, siku hizi limerekebishwa.